Ziara ya Shule Isiwe Basi na Soda

Wazee waliosema tembea uone hawakusema panda basi upitishwe. Kutembea ni kazi ya miguu, na kuona ni kazi ya macho na moyo, na yote mawili yamepungua sana katika ziara ambazo shule zetu huwaandalia wanafunzi. Kila ufikapo msimu wa ziara, mabasi ya rangi ya manjano hujipanga tangu asubuhi mjini Mombasa mbele ya Ngomeni, kama tuiitavyo wenyewe ile ngome iitwayo Fort Jesus. Watoto hushuka, hupanga mstari, huingia, hupigana picha juu ya mizinga, hutoka, hupewa soda na mkate, kisha hupakiwa tena wakimbizwe ufukweni kabla jua halijachwa. Waulize kesho yake waliona nini, watakwambia waliona mizinga. Waulize mizinga ile ilimlenga nani, hapo utasikia kila mmoja na lake.

Na hadithi yenyewe iko pale pale. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Baada ya miaka mia na ushei, Waomani waliizingira tangu mwaka 1696 hadi 1698, na waliokuwa ndani waliuawa na maradhi na njaa zaidi kuliko risasi. Waingereza nao wakaja wakaigeuza gereza, ikabaki gereza hadi mwaka 1958. Mtoto aliyeketishwa kivulini mle ndani kwa muda wa saa moja tu, akasimuliwa mambo hayo na mtu ayajuaye, kisha akaulizwa lau yeye angelikuwa miongoni mwa waliozingirwa angeligawaje chakula, mtoto huyo hutoka Ngomeni na kitu. Lakini saa hiyo moja haipatikani, kwa sababu basi lina pengine pa kwenda.

Sisemi haya kwa kuwadharau walimu. Mwalimu mwenye watoto hamsini barabarani, kila mmoja na mamake anayepiga simu kuuliza yu wapi, ana mzigo ambao wengi wetu tusingeliuweza. Neno langu ni moja: ziara isiyomtoa mtoto jasho, isiyomtia hofu kidogo, isiyomlazimisha kumtegemea mwenziwe, na isiyomkutanisha na mtu mwenye ujuzi wake, ziara hiyo haimjengi tabia. Humstarehesha. Na starehe si haramu, lakini tusiiite malezi.

Tena liko jambo linalonisikitisha zaidi. Mtoto wa Pwani mwenyewe, ambaye bahari iko mlangoni pake, ndiye anayekosa hata hiyo ziara ya soda. Nimezungumza na vijana wengi wa Kisauni, Likoni na Changamwe waliomaliza masomo yao bila kuingia Ngomeni hata mara moja. Wengine hawajui kuogelea. Ukiwauliza bamvua ni nini na maji mafu ni nini, hukutazama kama uliyesema Kigiriki. Watoto wa bara husafiri usiku na mchana kuja kuyatazama yaliyo yetu, nasi wenyewe twayapita kila siku kama tupitavyo ukuta wa jirani.

Wako wasomaji watakaosema kwamba mambo haya ya kupeleka watoto nyikani na baharini kuwatia ukakamavu ni mambo ya Kizungu, na kwamba sisi malezi yetu ni chuoni na nyumbani. Mimi nimesoma chuoni, nikachapwa na nikahitimu, na ninayoyajua kutoka huko yananambia kinyume cha hayo. Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, hakulelewa Makka tangu siku ya kwanza. Ilikuwa ada ya mabwana wa Kikureshi kuwatoa watoto wao wachanga mjini na kuwapeleka jangwani kwa makabila ya mabedui, ili miili yao ipate afya na ndimi zao zipate Kiarabu safi. Ndipo akalelewa na Bibi Halima katika Bani Saad. Mji wa Makka ulikuwa mji wa biashara na neema, na wenyewe waliona kwamba neema peke yake haimtoshi mtoto.

Mtazame pia Imamu Shafii, ambaye sisi watu wa Pwani karibu sote twafuata madhehebu yake. Alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijria, akaletwa Makka angali mdogo, akiwa yatima na maskini. Vitabu vya tarehe vyasimulia kwamba aliondoka akaenda kuishi na kabila la Hudhayl jangwani, akihama nao wahamapo na kutua nao watuapo, akajifunza lugha yao na mashairi yao, na akawa hodari wa kupiga mishale. Hayo yalikuja kabla hajajulikana kuwa bingwa wa fikihi. Na iko kauli inukuliwayo sana kwa jina la Sayyidna Omar bin Khattab, ya kuwataka watu wawafunze watoto wao kuogelea, kupiga mishale na kupanda farasi. Kur-ani yenyewe, zaidi ya mahali pamoja, yatuamuru tutembee katika ardhi tukazingatie mwisho wa waliotutangulia. Basi atakayesema safari ya mafunzo ni ya Wazungu, na aanze kwa kutwambia hawa walikuwa kina nani.

Kuna na kutembea kwa kutazama tabia za watu. Ibn Battuta alitoka kwao Tangier, nchini Moroko, mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21. Takriban mwaka 1331 alifika Mombasa. Hakukaa sana, lakini aliyoyaandika ni ya mtu aliyetazama: kwamba wenyeji ni watu wa dini na uaminifu, kwamba misikiti yao ni ya mbao iliyofanywa kwa ustadi, na kwamba penye milango ya misikiti kuna maji, na mtu huosha miguu kabla ya kuingia. Kitendo kidogo cha kuosha miguu ndicho kilichomfanya amjue mwenyeji wake. Mwanafunzi wetu arudipo ziarani na jambo moja la namna hiyo aliloliona kwa macho yake, ziara yake imefaulu, hata kama hakupiga picha.

Nije kwa wazee wetu wenyewe. Wao hawakuwa na ziara za shule wala mtaala, lakini walikuwa na chombo. Kijana akiingia katika jahazi au mashua hakupewa usukani. Alipewa sufuria apike na kata afue maji ngamani. Aliyekuwa mtoto wa tajiri na aliyekuwa mtoto wa mchukuzi walifua maji yale yale. Ndipo tukapata ile methali isemayo mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, ambayo siku hizi vijana huikariri kwa mtihani bila kujua ngama ni kitu gani. Kijana akikaa kitako na kazi yake, hufundishwa kutweka tanga na kulitua, kusoma nyota, kunusa mvua, kujua kaskazi huanza kutulia lini na kusi hukasirika miezi gani. Ami yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa nahodha, alikuwa akitwambia kwamba chomboni hakuna mtu mbaya kuliko mwenye hasira, kwa sababu nchi kavu mkigombana kila mtu huenda kwake, na baharini hakuna kwako. Hiyo ni elimu ya stahamala, na haiandikiki ubaoni.

Na hata hao Wazungu, ambao tunawapa sifa ya kubuni mafunzo haya, walifundishwa na bahari hiyo hiyo. Katika Vita Vikuu vya Pili, manowari za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli za biashara za Waingereza. Tajiri mmoja wa meli, Lawrence Holt, aliona ajabu: mabaharia waliofia katika mashua za kuokolea walikuwa zaidi ni vijana wenye nguvu, na waliopona walikuwa zaidi ni watu wazima waliozoea tabu. Nguvu walikuwa nazo vijana. Kilichowapungukia ni ustahimilivu na kujiamini. Akashirikiana na mwalimu mmoja, Kurt Hahn, Mjerumani aliyeikimbia nchi yake mwaka 1933 kwa kumpinga Hitler, na mwaka 1941 wakafungua shule huko Aberdovey, Wales. Shule ile wakaiita Outward Bound, msemo wa mabaharia wenye maana ya chombo kinachotoka bandarini. Kijana alikaa huko mwezi mmoja hivi, akiendesha mashua na kupanda milima. Mpango ule ulienea duniani, na katika miaka ya 1950 ukafika hapa kwetu Loitokitok, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro.

Mwaka 1966 ukaja mpango mwingine, wa Tuzo ya Rais, uliofuata mfano wa tuzo iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1956 na Prince Philip. Huu uko hadi leo katika shule nyingi za Kenya, na ni wa vijana wa kuanzia miaka 14 hadi 24. Una daraja tatu: shaba, fedha na dhahabu. Kijana hutakiwa kuitumikia jamii yake, kujifunza ufundi, kufanya mazoezi ya mwili, na kusafiri safari ya tabu pamoja na wenzake wachache. Safari ya shaba ni siku mbili na usiku mmoja, ya fedha siku tatu na usiku mbili, ya dhahabu siku nne na usiku tatu. Wanabeba chakula chao na malazi yao, na mkubwa huwafuata kwa mbali. Ni mpango mzuri, na wenye kuudharau wengi wao hawajautazama.

Mimi mwenyewe niliifanya safari ya namna hiyo miaka ya 1980, nikiwa katika shule ya sekondari. Tulikuwa vijana sita, tukitembea kwa kuifuata pwani kutoka Msambweni kwenda Shimoni. Siku ya pili tulifika penye hori moja la mikoko. Ramani tuliyopewa ilionyesha njia, na bahari ikatuonyesha maji. Yalikuwa yamejaa pomoni. Upande ule tuliokuwapo palikuwa na bi kizee amekaa chini ya mwembe akisuka ukili wa mkeka. Tukamwamkia, tukamuuliza njia. Akacheka, akasema, "Njia iko chini ya maji, wanangu. Ketini, itakuja."

Tukaketi tangu maji kujaa hadi maji kupwa, kiasi cha saa sita. Saa ya kwanza tulinung'unika. Saa ya pili tuligombana juu ya maji ya kunywa, maana mmoja wetu alikuwa amekunywa zaidi ya fungu lake. Bi kizee hakutuamua. Alitupa kila mmoja chane za ukindu akatuonyesha kusuka. Yule aliyekuwa wa kwanza darasani alisuka na kufumua mara kumi, akashindwa. Mwenzetu mwingine, ambaye walimu walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa, alisuka kama aliyezaliwa na ukili mkononi, naye ndiye aliyewafundisha wengine. Tulipovuka hori magharibi ile, mzigo wa mwenye kiu tuliupokezana bila mtu kuambiwa. Sikumbuki hesabu niliyofundishwa wiki ile. Ile saa ya kuketi naikumbuka.

Sasa nataka niseme jambo zito zaidi, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika. Katika miaka ya karibuni tumesoma habari, na wengine tumeona kwa macho yetu, za magenge ya vijana wenye mapanga katika mitaa ya Kisauni na Likoni. Baadhi yao ni watoto wa umri wa shule. Tumewazika wengine walioliwa na unga. Wako pia waliorubuniwa wakavuka mpaka kwenda kufa katika vita visivyo vyao, na mama zao hata kaburi hawakuonyeshwa. Kila yanapotokea haya, twasema ni umaskini, ni ukosefu wa kazi, ni ulegevu wa serikali, ni wazazi. Yote hayo yana ukweli. Lakini hebu tulitazame genge lenyewe lina nini.

Genge lina wenzi wanaosema hawataachana. Lina mtihani wa kuingilia. Lina jina jipya ambalo kijana hupewa akifaulu mtihani ule. Na lina hatari, na kijana wa miaka kumi na sita huipenda hatari kama mtoto mdogo apendavyo sukari. Vitu vinne hivi kwa asili yake si viovu. Jahazi la wazee wetu lilikuwa navyo vyote: wenzi walikuwapo, mtihani ulikuwapo, vyeo vilikuwapo, mtu akitoka kuwa baharia akawa sarahangi na baadaye nahodha, na hatari ilikuwapo ya kutosha. Tofauti ni kwamba mwisho wa jahazi ulikuwa bandarini na mali ya halali, na mwenye kumwongoza kijana alikuwa mtu mzima mwenye kumcha Mungu. Tumeliondoa jahazi, hatukuweka kitu mahali pake, kisha twashangaa kijana akijitafutia mwenyewe. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo una walimu wengi walio macho usiku.

Sidai kwamba safari ya siku mbili itaondoa unga mitaani. Lau maradhi yangelikuwa mepesi hivyo tungelikwisha kupona. Ninalosema ni kwamba kijana aliyewahi kuhimili kiu pamoja na wenziwe, aliyewahi kuogopa wimbi na asikimbie, aliyewahi kusifiwa na mzee kwa kazi ya mkono wake, ana kitu ndani yake cha kumjibu mtu atakayemwendea na panga akimwambia njoo tukufanye mwanamume.

Najua hoja zitakazoletwa, na ni haki ziletwe. Ya kwanza ni hatari. Bahari huua, na barabara huua zaidi. Mzazi aliyekataa kumtoa mwanawe kwa sababu ya basi bovu au mashua iliyojazwa kupita kiasi hana kosa, ana akili. Kwa hivyo masharti yawe magumu. Basi lisisafiri usiku. Chombo kiwe na leseni, na kisipakie zaidi ya kiasi chake hata kwa mtoto mmoja. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea, naye awe amefundishwa kuogelea kwanza. Mafunzo ya tanga yafanywe katika maji matulivu ya mahori, kama vile Tudor na Mtwapa, na miezi ya kusi kali iachwe. Na nahodha akisema leo hatutoki, mkuu wa shule asimbishie. Hofu ya mzazi tuijibu kwa maandalizi. Kumfungia mtoto nyumbani hakumwokoi: watoto wetu huenda baharini kwa kujiiba, bila jaketi wala mkubwa, na huko ndiko wanakozama.

Hoja ya pili ni ya wasichana. Baadhi yetu husema hayo ni ya wavulana. Mimi nauliza, maji yakimchukua msichana hutazama kwanza jinsia yake? Bibi Aisha, radhi za Mungu zimshukie, alishindana mbio na Mtume, na Hadithi hiyo wanavyuoni wanaijua. Wasichana wapewe siku zao, walimu wa kike, mavazi ya stara na mahali pa faragha pa kujifunza kuogelea; hayo yote yawezekana pakiwa na nia. Na wakitaka mfano wa wanawake wa Kiislamu wenye ujuzi wa bahari, wapelekwe Gazi, katika Kaunti ya Kwale, ambako kina mama wa kijiji huendesha njia ya mbao ipitayo ndani ya mikoko, wakiwatembeza wageni na kuwaeleza jina na faida ya kila mti. Huko huko Gazi, tangu mwaka 2013, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiwaletea wanakijiji fedha kwa kuitunza mikoko na kutoikata, na fedha hizo zimesaidia maji na shule. Msichana atakayetembea na kina mama hao asubuhi moja atarudi na fikra nyingine juu ya mwanamke na kazi.

Hoja ya tatu ni ya dini, nayo husemwa kwa kunong'ona: kwamba watoto wakipelekwa makaya watafunzwa ushirikina. Misitu ya kaya za Wamijikenda imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2008. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni ya ndugu zetu Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu kama sisi. Mgeni akienda hufungwa kaniki kiunoni, huambiwa asichukue hata jani, na hutakiwa ajiheshimu katika mwenendo na maneno. Kujua jirani yako anaheshimu nini, na kwa nini msitu wake ungali umesimama wakati mingine imekatwa, si kuabudu mti. Ni adabu ya ujirani. Mtoto asiyefundishwa adabu hiyo hukua akidhani kila asichokijua ni cha kudharauliwa, na dharau ndiyo inayozaa ugomvi baina ya watu wa nchi moja.

Tena walimu wa madrasa wasikae kando. Nawaomba wao wenyewe waziongoze ziara hizi. Wachukue wanafunzi wao hadi Gede, mji wa mawe ulioachwa na wenyewe katika karne ya 17, ambao mwaka 2024 umeingizwa katika urithi wa dunia. Pale pana msikiti mkuu, visima, majumba, na kaburi moja lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na mwaka 1399 wa Miladi. Mtoto aliyesoma chuoni ataitafuta tarehe ile mwenyewe, na wenziwe wasiojua Kiarabu watamsikiliza. Kwa mara moja ile elimu ambayo shuleni haihesabiwi alama itakuwa na thamani mbele ya macho ya watu. Kisha watoke hapo kwa miguu hadi hori la Mida, walale, na asubuhi waingie msitu wa Arabuko-Sokoke. Mahali pote hapo ni karibu karibu. Siku mbili zatosha, na ni daraja ya shaba kamili.

Hoja ya nne ni pesa, nayo ndiyo nyepesi kuliko zote. Ziara ya basi, hoteli na soda ndiyo yenye gharama. Safari ya miguu yataka uji, tende, mihogo, maji mengi na turubai. Nahodha mstaafu na bi kizee msusi wa mikeka hawatatoza bei ya hoteli, ingawa ni wajibu wetu kuwalipa, maana mkono mtupu haulambwi. Na sisi tunaotumia katika harusi ya siku tatu fedha za kusomesha mtoto mwaka mzima, tusije tukasimama mbele ya kamati ya shule tukasema hatuna. Kamati za misikiti, matajiri wetu na wazazi wakichanga, hakuna mtoto atakayebaki nyuma kwa sababu ya ufukara wa babake.

Kama ni mtihani wa taifa unaohofiwa, mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, wenyewe unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kwa kuitumikia jamii yake. Mlango uko wazi. Kilichobaki ni sisi kuingia.

Kwa hivyo ninayoyapendekeza kwa shule za Pwani, za serikali na za binafsi, na kwa madrasa pia, ni mambo manne, na kila mtoto, mvulana na msichana, ayatimize kabla ya kumaliza darasa la tisa. Ajue kuogelea. Asafiri kwa tanga japo mara moja, naye ashike kamba, asikae kama abiria. Atembee siku mbili, alale usiku mmoja nje ya kwao, akibeba mzigo wake. Na aketi na mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, mwenye ufundi wake au kumbukumbu zake, amsikilize hadi mwisho, kisha ayaandike aliyoyasikia kwa mkono wake kwa Kiswahili chema. Hili la mwisho lina haraka kuliko yote, kwa kuwa wazee wajuao kuunda chombo kwa macho, bila karatasi ya vipimo, wanatutoka mmoja mmoja, na kila tunayemzika huondoka na shule nzima.

Na watoto wa bara waendelee kuja. Tunawapenda na tunawakaribisha. Ila wasipelekwe ufukweni pekee. Walale kwetu, wale kwetu, watweke tanga pamoja na watoto wetu, na watoto wetu nao waende kwao wakaupande mlima na kukamua ng'ombe. Mgeni njoo mwenyeji apone. Taifa hujengwa na watu waliokula sahani moja, na si rahisi kumchukia mtu ambaye mlipokezana mzigo.

Basi mzazi mwenzangu, barua ya ziara itakapoletwa nyumbani na mtoto, usitazame bei peke yake. Mpigie simu mwalimu umuulize: mwanangu atabeba nini, atalala wapi, ataketi na nani, na huyo mwenye chombo ana leseni? Ukipata majibu mema, tia saini na umwache aende. Usipoyapata, nenda shuleni pamoja na wazazi wawili watatu, mkae na mwalimu mkuu, muipange upya. Walimu wengi watafurahi kupata msaada huo. Wabillahi taufiki.